Tulimuuliza mdogo mtu, hatukumuuliza mkewe: kisa cha mzee wa Kibosho mwenye ini lililosinyaa

Hii kesi nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuiandika, na nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mgonjwa asijulikane, ila upande wa matibabu ni yale yale yaliyotokea. Mi ni daktari wodi ya wanaume hapa Moshi. Ukifanya kazi ukanda huu hata miezi mitatu tu utajua wodi zetu hazikosi mwanaume wa miaka arobaini au hamsini mwenye tumbo kubwa, mikono imekonda, macho ya manjano. Tumewazoea, na hapo kwenye kuzoea ndo nilipoharibu.

Alikuja Jumapili usiku mwezi wa nne, masika imekolea, barabara ya mlimani ni tope tupu, kaletwa na Noah ya kukodi kutoka Kibosho. Miaka 51, zamani dereva wa Fuso, alikuwa anapeleka ndizi Dar, sasa yuko tu nyumbani kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba. Mbege, pombe yetu ya ndizi, kaanza ujanani kama wengine, ila kilichommaliza ni pombe kali alizozoea njiani, enzi za viroba, vile vipakiti vya plastiki, na viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 akahamia kwenye vichupa vidogo, na siku hela ikikata ni gongo. Tumbo lilianza kujaa miezi minne nyuma, miguu ikavimba, mahali fulani walimtoa maji mara 2 na kumpa Lasix, dawa ya kukojoza maji, akarudi nyumbani. Basi. Hakuna aliyempa tarehe ya kurudi.

Sasa usiku huo kilichowaleta siyo tumbo. Ni kwamba kwa siku tatu alikuwa hajielewi, mchana analala, usiku anatembea ndani ya nyumba, kavaa shati kwa nyuma mbele, kakojoa jikoni karibu na mafiga, na jina la mtoto wake wa mwisho limempotea. Mdogo wake ndo alikuwa anaongea. Kasimama mbele ya meza yangu kalowa chapachapa, akaniambia "dokta, huyu kaka yangu kanywa mpaka juzi, naona kuikosa pombe ndo kunamchanganya". Mkewe alibaki nje kwenye benchi ameshika begi la nguo na thermos. Nilimsalimia shikamoo mama nikapita.

Nikamwangalia mgonjwa, mikono inacheza, anaongea maneno hayaungani, nikasema moja kwa moja hii ni arosto ya pombe. Nikaandika diazepamu miligramu 10 kwenye mshipa, nesi akachoma, mzee akalala na mimi nikaenda kwa mgonjwa mwingine nimeridhika kabisa.

Alilala masaa 14. Siyo usingizi wa kawaida, ukimfinya anakunja uso tu, anakoroma, nesi wa asubuhi alimkuta mate yanaelekea kumpalia akamgeuza ubavu haraka, na kwa kweli huyo nesi ndo aliyemwokoa maisha siku ile kuliko mimi.

Raundi ya asubuhi nikamwita mkewe ndani. Nikamuuliza mama, mzee amekunywa mara ya mwisho lini? Akasema "dokta, ni wiki ya tatu hii hajagusa, hata akiletewa anasema harufu inamtapisha, huyo shemeji yangu anakaa Majengo, hajui, yeye kaja juzi ndo kaona chupa tupu chini ya kitanda". Nikamuuliza na choo? "Choo hajapata siku ya nne leo." Na dawa gani anakunywa? Akafungua begi akatoa mfuko wa nailoni, ndani kuna Lasix ambazo alikuwa anameza mbili asubuhi mbili jioni maana aliona tumbo halipungui akajiongezea mwenyewe, na kuna diklofenaki, dawa ya maumivu, za duka la dawa kwa ajili ya mgongo, wiki nzima.

Yaani kila kitu nilichokuwa nakihitaji kilikuwa kwenye lile benchi la nje usiku kucha.

Nieleze kwa nini hii tofauti ni kubwa, maana kwa macho vinafanana na nimeona wenzangu wakidanganyika kama mimi. Arosto ya pombe inaanza ndani ya siku ya kwanza baada ya kuacha, ile mbaya ya kuweweseka na kuona vitu inakuja kama siku ya pili mpaka ya nne. Mtu aliyeacha wiki tatu haingii humo. Na mwenye arosto anakuwa mkali, jasho linamtoka, moyo unakimbia, anaona wadudu ukutani, mikono inatetemeka haraka haraka kwa kasi ndogo ndogo. Huyu wetu alikuwa hana jasho, mapigo 88, ni mzito, mchana na usiku vimegeuzana, na ile mikono niliyoona "inacheza" ilikuwa kitu kingine kabisa. Ukimwambia mtu wa namna hii anyooshe mikono mbele akunje viganja juu kama anayezuia gari, viganja vinadondoka na kurudi, vinadondoka na kurudi, kama ndege anayepiga bawa. Hiyo ni dalili ya sumu ya ini kichwani. Sikumnyoosha mikono usiku ule. Ni kipimo cha sekunde 20 na hakina gharama yoyote.

Kinachotokea ni hivi, utumbo kila siku unazalisha amonia kutokana na bakteria na protini, damu inaipeleka kwenye ini, ini zima linaisafisha inakuwa yurea inatoka kwa mkojo. Ini lililosinyaa, yaani sirosisi, limejaa makovu, damu haipiti vizuri, inatafuta njia za pembeni inalikwepa ini, na amonia inapanda moja kwa moja mpaka kwenye ubongo. Ila ukiona mtu ana sirosisi miaka na leo ndo kachanganyikiwa, jiulize nini kimemchokoza leo. Karibu kila mara kuna kitu. Choo kigumu, maambukizi, damu inayovuja tumboni, dawa za usingizi, maji kupungua mwilini, chumvichumvi za damu kuvurugika. Ukitibu kuchanganyikiwa bila kumtafuta mchokozi unapoteza muda, na huyu mzee wetu alikuwa na wachokozi wanne kabla hajafika kwetu, wa tano nikamwongezea mimi na sindano yangu.

Majibu ya asubuhi yalikuwa hivi. Potasiamu 2.9, hiyo ni kazi ya Lasix, na potasiamu ikishuka figo zenyewe zinaanza kutengeneza amonia zaidi, kwa hiyo vidonge alivyojiongezea kupunguza tumbo ndo vilikuwa vinamharibia kichwa. Sodiamu 126. Kreatinini, kipimo cha figo, 186, figo zimeanza kulalamika, Lasix na diklofenaki pamoja kwa mtu mwenye sirosisi ni kama kumkaba pande mbili. Bilirubini, ile manjano ya macho, 68, albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, gramu 22 kwa lita, INR, kipimo cha kuganda kwa damu, 1.8, chembe sahani 74, hb, yaani wingi wa damu, 8.6. Sukari 3.4. Homa ya ini B hana, C hana, HIV hana. Tulipima hivyo vyote kwa makusudi maana huku kwetu ni rahisi sana kusikia neno mbege ukafunga faili, wakati homa ya ini B ipo nyingi na huko chini kwenye mashamba ya mpunga kichocho kipo, kinaharibu mishipa ya ini vizuri tu bila tone la pombe.

Ukijumlisha kwa mizani ya Child-Pugh, ambayo inachukua bilirubini, albumini, kuganda kwa damu, maji tumboni na hali ya kichwa, alipata 14 kati ya 15. Kundi C, baya kuliko yote. Intani wetu akaninong'oneza kama tuwaite ndugu tuwaandae. Nikamwambia subiri, kwanza tutoe maji ya tumbo.

Hapa naomba nisimame kidogo maana ndo penye ubishi kila siku. Mtu mwenye sirosisi na maji tumboni akilazwa, kwa sababu yoyote ile, hata kama kaja na jino, maji yachomwe yapimwe siku hiyo hiyo. Siyo kesho, siyo mpaka apate homa. Maambukizi ya yale maji yanaweza yasiwe na homa wala maumivu, yakajionyesha kwa kuchanganyikiwa tu au kreatinini kupanda. Na watu wanaogopa, wanasema INR 1.8 atavuja damu, tumpe plazma, maji ya damu yanayosaidia kuganda, kwanza. Hapana. Sindano ndogo pembeni upande wa kushoto chini, mbali na mishipa inayoonekana, kwa mgonjwa wa namna hii kutoka damu ya hatari ni nadra sana, na plazma haihitajiki. Wakati mnahangaika kutafuta plazma maambukizi yanaendelea. Maji mengine tunayaweka papo hapo kitandani kwenye chupa za kuotesha bakteria, maana yakienda maabara kwenye sirinji tu mara nyingi bakteria hawaoti.

Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zilikuwa 480 kwenye yale maji. Kikomo ni 250, juu ya hapo ni maambukizi, unatibu bila kusubiri bakteria aote. Tukalinganisha pia albumini ya damu na ya maji, 22 kutoa 7 ni 15, juu ya 11 maana yake ni presha ya mshipa mkuu wa ini na siyo TB ya tumbo, ambayo huku lazima uifikirie.

Tukaanza antibayotiki, seftriaksoni gramu 2 kwa siku. Lasix tukasimamisha, diklofenaki tukachukua tukatupa, potasiamu kwa dripu taratibu tukiangalia figo, vitamini B1 ikatangulia ndo glukosi ikafuata, maana mnywaji mwenye njaa ukimpa sukari kabla ya B1 unaweza kumharibu ubongo kwa njia nyingine. Laktulosi hawezi kumeza kwa hiyo tukampa kwa njia ya haja kubwa, mililita 300 kwenye maji mililita 700. Jioni akafungua choo mara 3, ndugu walishangaa, usiku akafumbua macho akauliza hapa ni wapi.

Watu wengi wanaiona laktulosi kama dawa ya choo tu, wanaidharau. Inalainisha choo ndiyo, lakini pia inafanya utumbo uwe na tindikali, amonia inanaswa mle mle inatoka na kinyesi. Lengo ni choo laini mara 2 mpaka 3 kwa siku. Pungufu ya hapo haifanyi kazi, na ukizidisha akaharisha mara 8 anakauka maji, figo zinaanguka na kichwa kinarudi kule kule. Mkewe nilimfundisha hivyo hivyo: mama, usihesabu vijiko, hesabu choo. Alikuwa na daftari la madeni ya biashara yake ya Mbuyuni, akageuza ukurasa wa nyuma akaanza kuandika.

Halafu albumini. Hii ni ghali na najua hospitali nyingi haipo. Ila kwenye maambukizi ya maji ya tumbo ina kazi ambayo antibayotiki peke yake haifanyi, kuna utafiti wa Hispania wa 1999 wagonjwa 126, waliopewa antibayotiki peke yake figo ziliharibika kwa asilimia 33, waliopewa na albumini ni asilimia 10, na waliofia hospitali walikuwa asilimia 29 kwa 10. Kipimo ni gramu 1.5 kwa kilo siku ya kwanza, gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Kwa uzito wake bila maji tulikadiria kilo 54, kwa hiyo chupa 4 za gramu 20 siku ya kwanza na karibu 3 siku ya tatu. Niliwaita ndugu nikawaeleza wazi, ukoo ukaanza kuchanga kwenye simu, wa Dar wakatuma, wa Arusha wakatuma, jioni zikapatikana chupa 4. Zote nikazipeleka siku ya kwanza. Siku ya tatu tulipata 1. Sijutii mgawanyo ule, kwa kreatinini ya 186 ukichelewesha ya kwanza unaweza usiwe na figo za kuziokoa siku ya tatu.

Baada ya siku mbili tukachoma maji tena, nyutrofili 110. Kreatinini 121. Kichwa kimerudi, anajua siku, anamjua mtoto wake wa mwisho, na kitu cha kwanza alichoomba ni mtori.

Mtori ukazua kesi yake. Jirani wa kitanda na shemeji wote wanasema mgonjwa wa ini haruhusiwi nyama, itampandisha sumu. Hii imani ilikuwepo hata vitabuni zamani, wagonjwa wakanyimwa protini wakakonda misuli, wakati misuli ndo inasaidia kusafisha amonia ini likishindwa. Mgonjwa wa sirosisi anahitaji protini nyingi kuliko mimi na wewe, gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kilo kwa siku. Mtori na nyama, maharage, maziwa, mayai, ale. Na asilale na njaa, kitu kidogo saa 3 au saa 4 usiku kabla ya kulala, maana akiba ya sukari kwenye ini lake ni ndogo, usiku mrefu mwili unaanza kula misuli.

Anachopaswa kukimbia ni chumvi. Maji ya tumbo ni chumvi, figo zimedanganyika zinadhani mwili umekauka, zinashika chumvi na maji yanaifuata. Kwa siku isizidi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu alichokula. Mkewe akasema dokta, chumvi nilishaacha tangu Januari hata kidogo siweki. Nikashangaa. Tukaanza kupitia chakula kimoja kimoja mpaka tukafika kwenye maharage, nikamuuliza unayapikaje yaive haraka? "Naweka magadi." Kila siku. Magadi ni sodiamu tupu, figo haijali imeingia kwa jina gani. Miezi minne mama anampikia bila chumvi na tumbo linaendelea kujaa, anaambiwa hafuati masharti, wakati hakuna mtu aliyewahi kumtajia magadi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuuliza hata mgonjwa mmoja kabla yake.

Siku ya sita, saa 8 usiku, akatapika damu. Nilikuwa zamu tena.

Beseni zima, damu nyekundu na mabonge, presha 84 kwa 50, mapigo 124. Hii ni mishipa ya koo la chakula. Damu iliyokosa njia kwenye ini inapanda kwenye vijishipa vya koo ambavyo havikuumbwa kwa presha hiyo, vinavimba kama vya mguu vinavyojikunja, siku moja vinapasuka. Tulijua atakuwa nayo, endoskopi, kipimo cha kamera ya kuangalia koo na tumbo, tulimwekea tarehe ya wiki iliyofuata. Nadhani ingekuwa bora kuibana iwe mapema.

Sindano mbili kubwa mikono yote, dripu kwa kiasi, hb 5.9, damu ikaombwa. Hapa napo mkono unawasha kumimina, unaona damu beseni zima unataka kurudisha yote. Usimimine yote. Ukiijaza mishipa presha ya ini inapanda na kilichoziba kinafumuka, kuna utafiti uliotoka Barcelona 2013 ulionyesha wanaoongezewa damu kwa kubana, yaani hb ikishuka chini ya 7 tu, waliishi zaidi kuliko walioongezewa mapema. Tulimpa chupa 2, ikafika 7.4, tukaacha hapo. Seftriaksoni ilikuwa tayari inaendelea, na hata asingekuwa nayo ningeianza, kila mwenye sirosisi anayetoka damu anapewa antibayotiki, inapunguza vifo, na hiki ndo kitu kinachosahaulika kuliko vyote kwenye kelele za usiku. Oktreotaidi, sindano ya kushusha presha ya mishipa hiyo, haikuwepo stoo. Mdogo mtu, yule yule, akapanda boda kwenye mvua akazunguka famasi za mjini mpaka akaipata, saa 10 na nusu alfajiri akarudi nayo ndani ya koti. Tukampa maikrogramu 50 mara moja halafu 50 kila saa. Laktulosi tukairudisha kwa nguvu, maana damu iliyoingia tumboni nayo ni protini, isipotoka itampandisha tena kichwani.

Asubuhi saa 3 alifanyiwa endoskopi kwenye hospitali ya rufaa, ndani ya masaa 12 kama inavyotakiwa, wakakuta mishipa mikubwa mitatu, mmoja una alama ya kupasuka, wakaifunga kwa raba 5. Damu ikakata.

Alikaa wiki nyingine mbili. Figo zilipotulia tukaanza dawa za kutoa maji upya ila kwa mpangilio, spironolaktoni miligramu 100 asubuhi kwanza, baadaye Lasix 40 kando yake. Lasix peke yake kwenye sirosisi ni udhaifu, kinachoshika chumvi ni homoni ya aldosteroni na spironolaktoni ndo inayoizuia, pia inarudisha potasiamu ambayo Lasix inaimwaga. Mzani kila asubuhi, mguu ukiwa umevimba apungue mpaka kilo 1 kwa siku, uvimbe wa mguu ukiisha nusu kilo inatosha, zaidi ya hapo unazikausha figo. Propranololi miligramu 20 mara 2 kwa siku ili mishipa ya koo isipasuke tena, presha ya juu isishuke chini ya 90. Siprofloksasini kidonge kimoja kila siku kuzuia maambukizi yasirudi kwenye maji. Maumivu ya mgongo ni Panadol, na gramu 2 kwa siku isivukwe. Watu wanaiogopa Panadol kwa sababu ya ini halafu wanaenda kuchukua diklofenaki, wakati kwa mgonjwa huyu diklofenaki ndo hatari.

Kuhusu pombe. Ilikuwa ngumu kuliko damu. Mwenyewe alisema nimeshaacha dokta, na kweli wiki sita alikuwa hajagusa, lakini aliacha kwa sababu alikuwa mgonjwa sana wa kunywa, na sisi tunamponya. Mwili ukipata nguvu hamu inarudi. Ukishakuwa na maji tumboni na umetoka damu, wanaoendelea kunywa wengi hawamalizi miaka mingi, na wanaoacha kuna wengine maji yanakauka kabisa, dawa zinapunguzwa. Makovu yenyewe hayafutiki yote, ila uvimbe wa ini unatulia na presha inashuka, hilo linatosha kumrudisha mtu shambani. Nilimwambia hivyo bila kumtisha wala kumpamba.

Mdogo mtu alikaa kimya muda wote wa mazungumzo yale, halafu akanifuata koridoni. Akasema yeye ndo alikuwa anampelekea zile chupa. Akaniuliza, je, ile siku nilikudanganya? Nikamwambia hapana kaka, ulisema ulichokiona, mimi ndo nilipaswa kuuliza wengine. Nikamwomba radhi mkewe pia, nikamweleza kabisa kwamba sindano ya usiku ule ilimlaza mumewe vibaya na kwamba jibu alikuwa nalo yeye. Alinisikiliza akaniambia "mwanangu, mimi nilidhani daktari ukiongea na mwanaume imetosha".

Shida nyingine ilikuwa kihamba. Huko juu kata ya mbege, yaani kibuyu cha kunywea, haikataliwi hivi hivi, kwenye msiba, kwenye mahari, kwenye tambiko, ukipewa na mkubwa wako ukairudisha ni kama umemtukana. Ndugu ndo walilimaliza wenyewe bila mimi, mkewe alinisimulia kliniki. Yule mdogo mtu alikwenda kwa mkubwa wa ukoo na jani la sale, ambalo kwa Wachagga ni la kuomba msamaha na mtu halikatai, akaomba mbele ya watu kaka yake asamehewe kata mpaka mwisho wa maisha yake na apewe togwa badala yake. Kukubali walikubali. Dawa za kupunguza hamu zipo, baklofeni ndo iliyojaribiwa kwa wenye sirosisi, nilikuwa nimeiweka akilini ila kwa mtu aliyetoka kuchanganyikiwa niliiogopa, inalaza. Nisingekuwa na ujasiri wa kuandika sale kwenye cheti lakini miezi hii imefanya kazi kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Mwezi wa kumi alikuja kliniki kwa miguu yake kutoka stendi. Bilirubini 28, albumini 31, INR 1.5, maji yamebaki kidogo sana yanaonekana kwa altrasaundi tu, kichwa safi. Child-Pugh 7, kutoka 14. Raba zilirudiwa mara 2 na mishipa imebaki midogo. Altrasaundi ya kutafuta uvimbe wa saratani, ambayo kila mwenye sirosisi anatakiwa kupigwa kila miezi 6 hata akijisikia mzima, haikuonyesha kitu. Mkewe alikuja na lile daftari, kurasa zimejaa, choo, uzito, choo, uzito, na pembeni siku mbili kaandika "kalala mchana" kaongeza laktulosi mwenyewe na siku ya tatu kaandika "sawa".

Tarehe ya kurudi nilitaka kuandika Januari. Akasema hapana, iwe kabla watu hawajaanza kupanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, nyumba itajaa wageni na mbege itakuwa kila kona, anataka mzee aonane na mimi kwanza. Tumeandika tarehe 18 Desemba.